IST ya 2004 inakula oili: nitengeneze, au niuze nichukue gari jingine?

#1 Mleta uzi (Kimara, Dar)

Wakuu, habari za majukumu.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za "nina milioni kadhaa, nichukue gari gani". Za mtu ambaye gari analo tayari na limeanza kuchoka ni chache, na majibu yake huwa mawili tu: "uza hicho kimeo" au "Toyota haifi, wewe tengeneza". Yote mawili hayana hesabu ndani yake. Naweka hali yangu nzima hapa, naomba mnisaidie kuipigia hesabu.

Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ ya cc 1,496, namba C. Mimi ni mama wa watoto wawili. Gari hili ndilo la kazini Posta, la shule, na la kwenda Tanga kwa mama yangu ambaye sasa anahitaji kufuatwa mara kwa mara kwa ajili ya kliniki. Limenitumikia vizuri mno na nalipenda, nasema wazi.

Sasa linakula oili. Natembea kama kilomita 600 nakuta lita moja imekwenda, na chini ya injini hakuna tone lililodondoka. Nikipandisha mlima wa Kimara na kukanyaga mafuta, nyuma natoa moshi wa bluu. Shokapu za mbele zimekufa, tuta dogo tu linasikika hadi kwenye meno. AC inapuliza upepo wa kawaida. Gia boksi iko sawa, umeme uko sawa, halijawahi kuchemsha.

Fundi wangu anasema injini imekwisha. Amenipa njia mbili: kufumua na kuweka ringi mpya za pistoni, milioni 1.8, au kufunga injini ya mtumba ya Japani, milioni 2 pamoja na laki mbili na nusu ya kufunga. Shokapu, bushi na boljointi, laki sita. AC hata sijauliza.

Upande wa pili kuna mtu anataka kulichukua kama lilivyo kwa milioni 4. Akiba ninayo milioni 4. Ndugu zangu wananishauri niuze, nikope milioni 10 benki, niagize Vitz ya 2012 au Ractis, ikitua hapa na kodi zote iwe kama milioni 18.

Shemeji yangu ameniambia, "Huwezi kuweka milioni 3 kwenye gari la milioni 4." Sentensi hiyo inaingia akilini kirahisi, ila kuna kitu hakijakaa sawa na nashindwa kukieleza. Nisaidieni.

#2 Fundi wa Temeke

Dada, umeandika vizuri, wateja wangu wengi wangeandika hivi kazi ingekuwa nyepesi.

Kwanza kabisa: hakuna mahali uliposema kuna mtu aliyepima hiyo injini. Fundi ameona moshi, akasema imekwisha. Milioni 2 zinatoka mfukoni mwako kwa kuangalia moshi? Hapana. Pima kwanza.

Anza na kitu kidogo kuliko vyote. Kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, kuna valvu ya PCV, kidude kifupi chenye mpira unaokwenda kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Kazi yake ni kuvuta mvuke wa oili urudi ukachomwe. Ikiziba au ikikwama wazi, oili inavutwa nyingi kuliko inavyotakiwa. Itoe, itikise: nzima inalia ndani, tka tka. Isipolia, nunua mpya, ni bei ndogo sana, halafu tembea wiki mbili uangalie tena kijiti cha oili. Nimeona watu wakifumua injini kwa sababu ya kidude hiki.

Pili, angalia moshi unatoka saa ngapi. Ukitoka asubuhi gari limelala, ukiwasha tu pakatoka wingu la bluu kisha likapotea, hizo ni sili za valvu, oili imechuruzika usiku. Ukitoka wakati unakanyaga mafuta kupanda mlima, kama unavyosema wewe, mara nyingi ni ringi. Moshi mweupe mzito unaonuka utamu huku maji ya rejeta yanapungua, hapo ni gasketi ya silinda hedi, habari nyingine kabisa.

Tatu, kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Injini iwe na joto, plagi zote nne zitolewe, nozeli zichomolewe soketi, betri iwe imejaa, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho wakati anapiga stata. Fundi asipokanyagisha mafuta, geji itasoma chini na injini nzima itaonekana mbovu. Simama hapo uangalie. 1NZ nzima inasoma karibu bar 15. Kikomo cha chini kwenye kitabu cha Toyota ni bar 11, na silinda zisiachane zaidi ya bar 1. Silinda iliyosoma chini, mwaga kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, tatizo ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi.

Na hili la kufumua. 1NZ ina bloku la aluminiamu lenye slivu nyembamba za chuma ndani. Toyota hawakuitengeneza ili irebolewe, yaani silinda zichongwe upya, kama injini za zamani. Kwa hiyo ringi mpya zinafaa endapo kuta za silinda ni nzima, hazina mistari wala hazijalika upande. Kama kuta zimelika, ringi mpya zitakupa raha ya muda mfupi, kisha moshi utarudi pale pale na hela imeshakwenda. Ndiyo maana mimi kwa injini hii huwa nasita kusema "fumua" kabla sijafungua hedi na kupapasa silinda kwa kidole. Kuna kamstari ka juu ambako ringi inaishia. Ukucha ukikwama hapo, acha.

#3 Mhasibu

Mleta uzi, kile kitu unachoshindwa kukieleza ni hiki: shemeji yako analinganisha bei ya matengenezo na bei ya gari lako. Hiyo hesabu ingekuwa na maana kama unatengeneza ili uuze. Wewe hutaki kuuza, unataka usafiri. Linganisha gharama ya kupata miaka miwili au mitatu ya usafiri kwa njia hii, na gharama ya kuipata kwa njia ile.

Mkopo wa milioni 10, riba asilimia 15 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio, miaka 3. Rejesho ni kama shilingi 347,000 kila mwezi. Mwisho wa miaka mitatu umelipa karibu milioni 12.5. Riba peke yake ni karibu milioni 2.5, yaani zaidi ya hiyo injini pamoja na kuifunga. Hela hiyo haiendi kwenye gari lolote, jipya wala la zamani. Na ukiangukia kwa mkopeshaji anayepiga riba kila mwaka juu ya mkopo wote wa mwanzo, bila kujali umesharejesha kiasi gani, ni milioni 4.5.

Tusiache bima. Sasa hivi nadhani unakata bima ndogo, 118,000 pamoja na VAT. Gari la milioni 18 lililonunuliwa kwa mkopo, benki itataka bima kubwa. Kwa asilimia 3.5 ya thamani ni 630,000, weka VAT inakuwa 743,400. Tofauti ni zaidi ya laki sita kila mwaka.

Watu husema gari jipya zaidi litakuokolea mafuta. Tuseme unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. IST yako kwenye foleni za Morogoro Road inakupa kilomita 12 kwa lita, Vitz ikupe 15. Unaokoa lita 250. Tukichukulia shilingi 2,900 kwa lita ni 725,000. Ukitoa tofauti ya bima, kinachobaki ni kama laki moja kwa mwaka. Mafuta hayawezi kuwa sababu hapa.

Kwenye kuagiza, usichukue bei ya mdomoni. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni, ingiza aina ya gari, mwaka na cc utaona kodi. Gari lenye miaka 8 au zaidi tangu litengenezwe linabeba ushuru wa uchakavu (likizidi 10 unakuwa mkubwa zaidi) juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, ndiyo maana unaweza kukuta gari la mwaka wa nyuma linatua kwa hela ile ile au zaidi.

#4 Mdau wa Tabata

Mhasibu, hesabu zako ni safi ila umeacha kitu kimoja ambacho hakiingii kwenye kikokotoo: watoto wamo ndani ya hilo gari.

Gari lina miaka zaidi ya 20. Airbag zake zina umri huo huo. Kesi ya Takata, ile kampuni ya Japani ya kutengeneza airbag, sote tuliisikia, mamilioni ya airbag yalirudishwa duniani kote kwa sababu kemikali ya ndani inaharibika ikikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, na ikilipuka inarusha vipande vya chuma. Toyota za miaka hiyo zilikuwemo, Corolla, Vitz na nyinginezo. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar mwaka mzima. Gari la mtumba lililokuja huku likapita mikono mitatu, nani amefuatilia kama lilirudishwa kiwandani?

Mkanda wa kiti cha nyuma unafungana? Breki za nyuma zimefunguliwa lini? Mwendo wa Tanga ni malori na mabasi ya usiku. Mimi sisemi lazima ukope. Nasema kama jibu ni kutengeneza, usianzie kwenye injini. Anzia kwenye breki, matairi, mikanda na steringi, na hiyo bili uiongeze kwenye hesabu ya Mhasibu.

#5 Mleta uzi

Mdau wa Tabata, asante, nimelichukua kwa uzito. Mikanda yote mitano inafungana, nimejaribu jana mmoja mmoja. Taa ya airbag inawaka nikiwasha switchi na inazima baada ya sekunde chache kama inavyotakiwa. Namba ya chesisi nitaipeleka kwa wakala wa Toyota waiangalie kama ilikuwa kwenye zile zilizorudishwa.

Matairi nimeyasoma. Kwa wasiojua, ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mawili ya mbele ni 3122, yaani wiki ya 31 ya 2022. Mawili ya nyuma ni 1116! Kashata za tairi bado nzima ndiyo maana sikuwahi kuyatilia shaka. Hayo yanatoka wiki hii kabla sijagusa kitu kingine.

#6 Mdau wa Mombasa

Ndugu zangu wa Bongo, salamu kutoka Likoni.

Huku kwetu gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini, kwa hivyo mbadala wa gari kuukuu ni ghali na watu wengi hutengeneza tu, hawana la kufanya. Imetufundisha kutazama mahali ambapo nyinyi pengine hamtazami. Injini, gia boksi, shokapu, vyote hivyo ni vitu vya kununua. Bodi hainunuliki. Likishaliwa na kutu, kila unachokifunga juu yake umekitupa.

Sisi hapa pwani chumvi ya bahari inakula magari kimyakimya. Bibie, kabla ya makanika kugusa injini, lipandishe gari juu ya shimo, chukua bisibisi bapa. Gonga na udunge chini ya milango kwa urefu wote, pale panapowekwa jeki. Kisha ndani ya matairi ya mbele, pale shokapu inapokazwa juu, na ile chuma pana ya chini inayobeba injini na wishboni. Toa tairi la akiba, funua zulia la buti, pangusa. Inua na zulia la miguu ya dereva, utie mkono: pakiwa na unyevu, maji yanaingia.

Kutu ya juu juu, ya rangi ya chai, si neno. Bisibisi ikizama, au ukisikia mlio wa karatasi badala ya mlio wa chuma, uza. Nami nasema uza hata kama injini ni nzima kama saa. Na utazame kama kuna mahali palipopakwa lami nyeusi mpya, maana hiyo mara nyingi imefunika kitu.

Mimi nilikuwa na gari lenye injini tamu kabisa, tukalitoa kwa sababu sehemu ya juu ya shokapu ya kushoto ilikuwa imeanza kupasuka. Sikujuta.

#7 Dereva wa mtandao (Mbezi)

Naongeza upande wa sisi tunaoendesha gari la bosi kwa hesabu ya kila siku, maana kuna watu watasoma uzi huu wakafuata jibu la mleta uzi na hali zao ni tofauti.

Gari la biashara halipimwi kwa bili ya gereji. Linapimwa kwa siku linazolala. Likilala gereji siku moja, hesabu ya bosi iko pale pale na mimi sijaingiza kitu. Gari la nyumbani likilala wiki, mama atapanda mwendokasi, ataumia lakini mshahara utaingia. Mimi likilala wiki nyumbani hakuna ada. Kwa hiyo mwenye gari la kazi linaloanza kulala lala, hata kama kila bili ni laki moja laki na nusu, abadilishe mapema kabla halijamla mtaji wote. Dalili yangu mimi ni pale ninapoanza kukataa safari za mbali kwa sababu siliamini gari.

Pia naona vijana wanafunga gesi kwenye injini zilizochoka wakidhani wanaokoa. Injini isiyo na kompresheni itakunyima nguvu zaidi ukiiwekea gesi. Rekebisha injini kwanza, gesi baadaye.

#8 Fundi wa Temeke

Dereva amesema kweli.

Nirudi kwa dada. Ukiamua injini ya mtumba, nakupa ninavyonunua mimi pale Ilala na Gerezani, kwa sababu hapa ndipo watu wanapigwa.

Usiseme tu "nataka 1NZ". Hizi injini zimefungwa kwenye IST, Vitz, Corolla, Raum, Sienta, Probox, na si zote zinaingiliana moja kwa moja. Za zamani throto yake, yaani mlango wa hewa ya injini, inavutwa kwa waya wa akseleta, za baadaye ni ya umeme. Ukileta ya umeme kwenye gari la waya, utaanza kuhamisha manifodi na sensa, na fundi asiyejua atakukatia nyaya. Piga picha ya throto yako na soketi zake, nenda nayo dukani.

Fungua kifuniko cha kujazia oili, angalia chini yake na ndani kwa tochi. Rangi ya dhahabu iliyokolea ni sawa. Tope jeusi lililoganda, mwenye gari wa Japani hakuwa akibadilisha oili. Utando wa rangi ya maziwa, maji yaliingia. Chungulia sampu, lile karai la oili la chini, na mashikio ya bolti, ukiona kutu nyekundu iliyopanda usawa mmoja kuzunguka injini, hiyo ilikaa kwenye maji. Toa plagi zote nne uzipange: ziwe na rangi inayofanana. Moja ikiwa nyeusi yenye mafuta, achana nayo. Zungusha krenki kwa mkono, isikwame popote.

Halafu, kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba ikifungwa, itapimwa kompresheni na ikisoma chini ya kiwango anabadilisha. Muuzaji mzuri atakubali muda wa kujaribu. Asiyekubali, duka la pili liko hatua tatu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, utaihitaji.

Kabla haijaingia kwenye gari, ikiwa bado iko chini, badilisha sili ya krenki ya nyuma, pampu ya maji, plagi, gasketi ya tapeti kava, na uangalie maunti. Hivyo vitu ni rahisi vikiwa juu ya meza, vikiwa ndani ya gari unalipa ufundi upya. Cheni ya taimingi usiiguse kama hailii.

Na gia boksi yako ni nzima, basi asije mtu akakuwekea hydroliki yoyote ya dumu wakati anashusha injini. Soma kijiti chake. Toyota za umri huu nyingi zimeandikwa aina ya mafuta, T-IV, pale pale kwenye kijiti. Gia boksi nyingi nilizoona zikifa, zilikufa baada ya injini kubadilishwa, kwa sababu ya mafuta tofauti.

#9 Mdau wa Tabata

Fundi, swali la kiungwana. Hiyo injini ya mtumba nayo ina umri gani? Si ni ya miaka ile ile? Kwa nini tuamini itadumu?

#10 Fundi wa Temeke

Swali zuri. Umri ni ule ule, ila matumizi si sawa. Japani gari linakaguliwa likiwa na miaka mitatu, baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi wenyewe ni ghali. Mwenye gari anafika mahali anaona afadhali aachane nalo. Kwa hiyo injini nyingi zinatoka kwenye gari ambalo bado lilikuwa linatembea, lenye oili iliyobadilishwa kwa wakati. Si zote, ndiyo maana nimesema pima. Sikuahidi miaka kumi. Kwa matumizi ya dada, nikiona kompresheni nzuri, miaka mitatu minne sina wasiwasi nayo.

#11 Mleta uzi

Wakuu, nimerudi na majibu.

PCV ilikuwa imeziba, tumebadilisha. Kasi ya kula oili imepungua kidogo, lakini moshi wa kupanda mlima upo. Tukapima kompresheni nikiwa nimesimama hapo, na mimi mwenyewe ndiye niliyekanyaga mafuta. Silinda ya kwanza 12.5, ya pili 12, ya tatu 9, ya nne 12. Tukamwaga oili kwenye ile ya tatu, ikapanda hadi 12. Ni ringi, na kwa silinda moja kuachana na wenzake kiasi hicho, nadhani ukuta wake nao umeguswa. Kwa hiyo wazo la kufumua nimeliondoa.

Kutu: tulifuata orodha ya Mdau wa Mombasa yote. Chini ya milango chuma kinalia vizuri. Juu ya shokapu pasafi. Buti lilikuwa na unyevu kidogo, mpira wa taa ya nyuma ulikuwa umechanika, sehemu ya shilingi elfu chache. Ile chuma inayobeba injini ina kutu ya rangi ya chai, bisibisi haikuzama. Nilipumua.

Namba ya chesisi wakala ameiangalia, haina kazi ya kurudishwa inayodaiwa.

Uamuzi wangu: natengeneza. Kwa mpangilio huu, na mpangilio nimeutoa kwenu. Matairi mawili ya nyuma tayari. Breki zimefunguliwa zote nne, nyuma tumebadilisha viatu na silinda moja iliyokuwa inavuja. Shokapu za mbele na bushi wiki hii. Injini mwisho wa mwezi, nimeshaona moja Ilala yenye throto ya waya kama yangu, plagi zake nne zinafanana, na muuzaji amekubali kuandika. AC itasubiri, watoto wafungue vioo.

Yote pamoja inakuja kama milioni 3.4, inatoka kwenye akiba, nabaki na laki sita ya dharura. Ile 347,000 ambayo ningekuwa nairejesha benki nimeanza kuiweka SACCOS kila mwezi kama vile nina deni. Miaka miwili ni zaidi ya milioni 8.3, bila riba ya mtu. Gari likiwa bado zuri, naendelea. Likianza kunilaza njiani, nitakuwa na hela taslimu, na nitaliuza likiwa linatembea, si likiwa linatoa moshi na mnunuzi ananipangia bei.

Shemeji nimemwonyesha hesabu ya Mhasibu. Amesoma mara mbili, akaniuliza kama fundi wa Temeke anaweza kumpimia Noah yake.

#12 Mdau wa Mbeya

Hongera sana dada. Nami nina Corolla 110 ya gia za mkono, injini nzima kabisa, ila nimegonga ubavu na bodi imepinda, sasa matairi ya mbele yanakula upande mmoja hata nikifanya alaimenti. Bili ya kunyoosha ni milioni 1.2, gari lenyewe milioni 3.5. Kwa mantiki ya uzi huu nitengeneze?

#13 Fundi wa Temeke

Kaka, hapana, yako ni ile kesi ya Mombasa. Alaimenti ikikataa kushika baada ya bushi na boljointi mpya, chesisi imehama. Lipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kupima, akupe vipimo vya kushoto na kulia. Vikiachana, hiyo 1.2 ni ya rangi na puti, gari halitarudi. Na miteremko ya huko Mbeya unaijua mwenyewe. Uza injini na gia boksi kwa watu wa Corolla, vina soko, na bodi uza kwa wa chuma chakavu. Usimuuzie mtu aliendeshe.

Dada, moja nilisahau: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukishafunga, nenda trafiki wakague, kisha TRA na ile risiti ya EFD, kadi irekebishwe. Fanya mapema, usisubiri siku ya kuuza, maana mnunuzi akikuta namba hazifanani atadhani ni gari la wizi.

#14 Mleta uzi

Asante fundi. Risiti nimeiomba iandikwe na namba ya injini yenyewe, na nakala nimeiacha kwenye faili la gari pamoja na kadi. Nitaleta mrejesho ikishatembea kilomita elfu moja za kwanza, na nitaandika kijiti kilisoma wapi.